Mpangaji Ndiye Benki

Leo nina hesabu ndogo, ya darasa la nne tu, lakini jibu lake limewahi kuvunja uchumba na kuwarudisha watu wazima kwa wazazi wao.

Chukua chumba na sebule, choo ndani, jiko dogo la kupita kwa upande, maeneo ya Sinza au Kijitonyama hapa Dar es Salaam. Tuseme mwenye nyumba anataka laki mbili kwa mwezi. Mpaka hapo hujashtuka, umeshajipima unaona utaweza. Kisha anaongeza neno: anapokea miezi sita. Laki mbili mara sita ni milioni moja na laki mbili. Dalali naye ana mwezi wake, laki mbili nyingine. Tumefika milioni moja na laki nne. Bado kirikuu ya kuhamishia vyombo. Bado fundi wa kubadilisha kitasa, maana aliyetoka hujui kaondoka na funguo ngapi. Sasa umchukue mtumishi wa umma wa kima cha chini, ambaye mshahara wake ulipandishwa Julai 2025 kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Ile milioni moja na laki nne ni karibu mishahara yake mitatu mizima, kabla ya makato, na hajanunua hata kiberiti.

Laki mbili yenyewe kwa mwezi angejibana akailipa. Kinachomshinda ni kuzitoa sita siku moja. Mtu huyu mshahara unaingia kwa mwezi. Nauli analipa kwa siku, mboga ananunua kwa fungu, na umeme anaununua wa elfu tano, ukiisha ananunua tena. Ni kodi ya nyumba peke yake inayomtaka nusu mwaka mkononi, taslimu, leo.

Ndiyo maana watu wanacheza mchezo, wanaingia vikoba, wanakopa kazini, na wakikosa huko kote wanakwenda kwa wale wa kausha damu, ambao riba yao ninyi mnaijua kuliko mimi. Mtu anakopa kwa riba kubwa ili akamkopeshe mwenye nyumba bila riba yoyote.

Ndiyo, nimesema akamkopeshe. Tukizungumzia kupanga mjini tunalalamikia bei, na bei kweli imepanda. Lakini leo bei naiweka kando. Ile kodi ya mkupuo ni zaidi ya kodi: ni mkopo. Mpangaji anampa mwenye nyumba pesa ya miezi mitano ambayo hajaikalia, hapewi dhamana, na mara nyingi hapewi hata risiti. Tangu nianze kulitazama jambo hili kwa jicho hilo, naona wapangaji tumekuwa wanyonge bila sababu. Nitafika huko. Kwanza tumpitie dalali, maana huwezi kuingia mjini bila kupita kwake.

Dalali wa zamani ungemkuta chini ya mwembe, kibao kimepigiliwa kwenye nguzo, kimeandikwa kwa rangi ya mkono: vyumba, fremu, viwanja, na namba ya simu. Yupo bado, ila siku hizi anaweka pia video kwenye simu. Kamera inapita haraka sana kwenye bafu na inatulia sana kwenye marumaru ya sebuleni. Anasema kwa sauti ya upole, kaka, hii nyumba kuna mtu anakuja kulipa saa kumi. Huyo mtu wa saa kumi nimemsikia miaka mingi na sijawahi kumwona. Anasema ni dakika tano kutoka kituo cha mwendokasi, na hasemi uongo, kwa sababu anahesabu kwa bodaboda. Akisema maji yapo, muulize yapo wapi. Kuna maji ya DAWASA yanayotoka bombani, kuna maji ya kisima yenye chumvi ambayo sabuni haitoi povu, na kuna tangi kubwa jeusi juu ya mnara ambalo limekauka, linasubiri mwenye nyumba aite boza. Yote hayo kwa dalali ni maji yapo.

Kabla hamjaondoka kijiweni kuna pesa ya kupelekwa. Wengine elfu kumi, wengine ishirini, na hiyo hairudi hata kama mlichokwenda kuona ni stoo yenye dirisha. Halafu kuna ufundi wa kupanga safari. Chumba cha kwanza kibovu, cha pili kibaya zaidi, cha tatu ndicho alichotaka kukupa tangu asubuhi, na wewe kwa uchovu wa jua la Dar unakiona kama ikulu. Ukilipa, ule mwezi mmoja wa udalali haumwendei yeye peke yake. Kuna dalali mwenye mteja, kuna dalali mwenye nyumba, na pengine kijana aliyesikia kwa mlinzi kwamba mpangaji wa chumba cha pili anahama. Wote wanakula hapo.

Nisiwaonee. Katika jiji hili hakuna ofisi yenye daftari la nani anahama na chumba gani kinabaki wazi. Daftari hilo liko kichwani mwa dalali, na wewe ukitaka kusomewa, lazima ulipe. Ubaya unaanza pale anapojifanya yeye ndiye mwenye nyumba. Mchezo unaojulikana ni huu: tapeli anapanga chumba kihalali kwa muda mfupi, anakuwa na funguo, kisha anakipangisha kwa watu wanne kwa siku tofauti, anapokea miezi sita kutoka kwa kila mmoja. Jumamosi ya kuhamia, kirikuu nne zinakutana mlangoni na simu ya bwana yule haipatikani tena. Kujikinga si kazi ngumu. Usilipe siku ileile. Ongea na mpangaji mwenzako mtarajiwa, yule anayefua uani. Atakuambia zaidi ya mkataba. Pita ofisi ya serikali ya mtaa, muulize mwenyekiti au mjumbe nyumba ile ya nani. Na pesa iende kwenye akaunti yenye jina la mwenye nyumba, si kwenye namba ya simu ya shemeji yake.

Kuhusu kukagua nyumba ningeweza kukesha, ila nitataja moja tu. Nyumba ya Dar ikague kwenye masika. Kama huwezi kusubiri mvua, soma ukuta. Sehemu kama Jangwani, Kigogo, bondeni Mwananyamala au Msasani kwenye Bonde la Mpunga, maji yakiingia huacha mstari ukutani, na mwenye nyumba huufuta kwa rangi. Sasa ukiingia chumbani ukakuta rangi mpya inayong'aa kuanzia sakafuni mpaka kiunoni, na juu yake rangi ya zamani iliyopauka, usiulize ni urembo gani huo. Angalia na tundu za umeme. Kama zimepandishwa juu usawa wa bega, fundi alikuwa na sababu.

Kuna pia usaili. Mwenye nyumba anakuuliza unafanya kazi wapi, umeoa, una watoto wangapi, unatumia kilevi, unasali wapi. Mwenye watoto wengi anaambiwa chumba kimeshachukuliwa. Msichana anayeishi peke yake anaulizwa wageni wake ni akina nani, swali ambalo mvulana haulizwi. Wanaopendwa ni wa benki, wa serikalini, na wale wanaosafiri sana. Kwa ufupi, mpangaji bora ni yule asiyekuwepo.

Ukishaingia, kuna siasa ya LUKU. Nyumba ya vyumba sita, mita moja. Mmoja ana friji, mwingine ana pasi ya biashara ya kunyoosha nguo za watu, wa tatu ana taa na chaja ya simu tu. Mchango wa umeme unapitishwa sawa kwa sawa na hapo ndipo salamu zinapokatika. Mwenye friji anasema friji yangu ya kisasa, haili umeme. Mwenye pasi anasema mimi napiga mara moja kwa wiki. Wa taa moja ananyamaza, halafu siku zamu yake ya kununua ikifika, anachelewa kurudi. Wenye akili waliweka vimita vidogo kwa kila chumba. Ukikuta nyumba ina mita inayojitegemea, ongeza bei kidogo moyoni, inastahili.

Na kwenye LUKU hiyohiyo kuna kitu kimepita kimyakimya. Tangu Agosti 2021, kodi ya jengo inakatwa pale unaponunua umeme. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, baadaye 1,500, na kwa ghorofa ni zaidi, kwa kila sakafu. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Anayenunua tokeni ni mpangaji. Elfu moja na mia tano haiumi sana, na kwa kuwa haiumi sana hakuna anayeidai. Lakini izidishe kwa mwaka ni 18,000, na huyo mpangaji alishalipa kodi ya pango hata kabla ya kulala humo usiku mmoja. Siku nyingine mkikaa kupatana, itajeni.

Nilisema ni mkopo. Sasa niwaambie nilipouona kwa macho.

Mwaka jana nilimsindikiza kijana wa kwetu kwenda kuangalia chumba Tabata. Mwenye nyumba ni mama wa makamo, mstaafu, tulimkuta barazani anachambua mchicha. Akatupeleka nyuma. Nyumba kubwa anakaa yeye na wajukuu, na uani kuna banda la vyumba vitatu. Cha kwanza kimekamilika, kina marumaru na dari ya jipsamu, ndicho kinachopangishwa. Cha pili kina bati lakini hakina dari, sakafu ni zege tupu, mlango ni mbao mbili zilizopigiliwa. Cha tatu kuta zimefika kwenye lenta, nondo zimechomoza juu zimeshika kutu, na ndani umeota mpapai. Kijana akakipenda chumba. Akaanza: "Shikamoo mama, samahani, naomba unipokelee mitatu, mitatu mingine namalizia baadaye."

"Marahaba mwanangu. Miezi sita."

"Mama, mshahara wenyewe ndio huu wa mwezi kwa mwezi."

Mama akautazama ule mpapai. "Mwanangu," akasema, "nikipokea mwezi mwezi nitakula. Nikipokea sita nitapaua."

Walimalizana kwa minne, kwa sharti kwamba miwili ije kabla ya Krismasi. Lakini mimi nilibaki na ile kauli. Mwezi mwezi nitakula, sita nitapaua. Wachumi wanaweza kuandika kitabu na wasiifikie. Mama yule hana benki. Kiinua mgongo chake kilijenga nyumba ya mbele, kikaishia kwenye msingi wa banda. Chumba cha kwanza cha banda kilimaliziwa na mpangaji wa kwanza, kwa pesa yake ya mkupuo. Bati la chumba cha pili ni la mpangaji aliyefuata. Kijana wetu sasa anaezeka cha tatu. Akihama, ataacha nyuma yake paa lenye jina la mtu mwingine.

Zidisha mama huyo kwa Tabata yote, Segerea, Kinyerezi, Kimara, Mbezi, Mbagala, Gongo la Mboto. Sensa ya 2012 ilihesabu Dar es Salaam watu 4,364,541. Sensa ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Kwa miaka kumi jiji liliongezeka watu milioni moja na zaidi. Hao wamelala wapi? Hawakulala kwenye nyumba za serikali, na wachache sana wamelala kwenye nyumba za mkopo wa benki. Wengi wamelala kwenye mabanda ya uani ya akina mama kama huyu. Na waliogharamia mabanda hayo ni haohao waliolala.

Haikuwa hivi tangu zamani, au tuseme haikukusudiwa iwe hivi. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962, na miaka ya mwanzo ya uhuru lilibomoa vibanda vya makuti na kujenga nyumba za bei nafuu Magomeni, Ilala, Temeke na kwingineko. Mwaka 1971 serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi laki moja, pesa ya wakati ule, yakawa chini ya Msajili wa Majumba. Ndiyo yale maghorofa ya Upanga, Kisutu na Kariakoo ambayo baadaye, mwaka 1990, yaliunganishwa na Shirika la Nyumba. Mpangaji wa Msajili alikuwa na barua yake, kodi yake ya kila mwezi, na ofisi ya kwenda kulalamika bomba likipasuka. Bomba halikutengenezwa, hilo ni kweli. Lakini ofisi ilikuwepo.

Miaka ya 1970 hiyohiyo, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, vikapimwa viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni: barabara, maji, kisha kila mtu ajijengee. Leo ukipita Sinza kwa Remmy, Sinza Mori, Afrika Sana, ukiona mitaa imenyooka, ni kazi ya wakati ule. Mradi ulikuwa wa watu wa kipato cha chini. Waliojenga wakagundua kwamba kiwanja kilekile kinaweza kubeba na banda nyuma, banda likazaa fremu mbele, fremu ikazaa ghorofa, na wapangaji wakaja. Yule wa kipato cha chini aliyekusudiwa, leo Sinza anakuja kufanya kazi, jioni anapanda daladala kurudi Mbagala.

Sheria nayo ilijiondoa. Tulikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, pamoja na mabaraza yake, na mwenye nyumba hakuweza kupandisha atakavyo. Ikafutwa mwaka 2005. Walioifuta walikuwa na hoja: nani atajenga nyumba ya kupangisha kama bei anapangiwa na baraza? Hoja ina uzito, na kweli watu walijenga. Lakini iliondoka na bei elekezi, haikuacha kitu mahali pake juu ya miezi mingapi mtu anaruhusiwa kudai kwa mkupuo. Bungeni swali hilo limeulizwa na kuulizwa tena. Kilichobaki ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ambayo ina mambo mazuri kwa mpangaji, kwa mfano kwamba mwenye jengo ndiye anayepaswa kutunza paa na kuta za nje, na kwamba unapokaa humo kwa kodi yako una haki ya kukaa kwa utulivu bila kubughudhiwa. Lakini waulize wapangaji kumi bati linalovuja ni la nani.

Kwenye maghorofa mapya yenye lifti, Masaki, Oysterbay, Upanga, mambo ni mengine na sitakaa sana huko, maana wanaokaa huko wengi wanalipiwa na kampuni zao. Kwa miaka kodi ilitajwa kwa dola, mpaka kanuni za Machi 2025 zilipopiga marufuku kutoza huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Sheria ya mwaka 2008 iliruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo, yaani fleti moja ndani ya ghorofa, na hati yake mkononi. Kwa hiyo siku hizi unaweza kupanga kwa mtu anayemiliki fleti moja tu, huku ngazi, lifti, jenereta na mlinzi ni vya umoja wa wamiliki. Hapo uliza mapema nani analipa mchango wa huduma za jengo. Lifti ikiharibika ghorofa ya nane na mwenye fleti hajalipa, atakayepanda kwa miguu si yeye.

Turudi Tabata. Nimesikia watu wakisema dawa ni serikali ipige marufuku miezi sita, basi. Ningefurahi, lakini napata wasiwasi na marufuku isiyomtazama yule mama na lenta yake. Ukimwambia apokee mwezi mwezi bila kumpa njia nyingine ya kupaua, atakubali mdomoni na kudai miezi sita chini ya meza, na risiti utaikosa kabisa. Mikopo ya nyumba ya benki ipo, tangu 2010 kuna hata taasisi ya kuyakopesha mabenki fedha za mikopo hiyo, lakini imetengenezwa kwa mtu mwenye hati na mshahara unaopitia benki. Banda la uani halimo. Wenzetu wa Nairobi wanalipa kwa mwezi, wanaweka na amana ya mwezi mmoja inayorudishwa ukitoka kama hujavunja kitu. Amana wanazozana nayo sana wakati wa kuhama, sisemi huko ni peponi. Lakini inaonyesha kwamba mwenye nyumba anaweza kulindwa dhidi ya mpangaji mkorofi bila kushika nusu mwaka wake.

Na hofu ya mpangaji mkorofi ni ya kweli, tusiikatae. Kuna mtu analipa miezi sita ya kwanza kama malaika, akishaingia ya pili anaanza ugonjwa wa bibi kila mwisho wa mwezi. Kumtoa inabidi notisi, baraza la ardhi na nyumba la wilaya, tarehe, tarehe nyingine. Mwenye nyumba aliyepitia hapo hata umlilie machozi, atasema sita.

Kwa hiyo, mpaka sheria ije, mimi nasema mpangaji azungumze kama mkopeshaji, kwa sababu ndivyo alivyo. Benki ikikupa pesa haikuambii asante kwa kunipokelea. Inaweka masharti. Wewe unayebeba milioni moja na laki mbili kwenye bahasha unaingia umeinamisha kichwa kana kwamba unaomba kazi. Inua kichwa. Mtu anayelipa mwaka mzima aombe punguzo la mwezi, na aliombe kabla pesa haijatoka mfukoni, maana ikishatoka utaitwa msumbufu. Mtu anayelipa sita aseme, mama, mimi nalipa, lakini bati linalovuja lizibwe kwanza, nisaidie tuandike kwamba kodi haitapanda kwa mwaka mmoja. Iandikwe pia kwamba kazi ikinihamishia Mwanza mwezi wa tatu, mitatu iliyobaki inarudi, au walau nimlete mtu wa kuimalizia. Kipengele hicho mikataba mingi haina, na ndicho kinachokula pesa za wengi.

Andikeni. Karatasi ya dukani inatosha kuanzia: majina, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, kuanzia lini hadi lini, umeme na maji nani, matengenezo nani, notisi miezi mingapi, mashahidi wawili, na muhuri wa serikali ya mtaa au wa wakili. Kuna wenye nyumba wanaokwepa maandishi kwa sababu mapato ya pango yana kodi yake TRA. Hiyo ni shida yao na TRA. Usikubali igeuke kuwa shida yako siku mtoto wake mkubwa atakaporudi kutoka Ulaya na kusema nyumba hii baba alishaniachia mimi.

Na ninyi wenye nyumba mnaonisikiliza, najua mpo, maana redio ya barazani ndiyo inayosikika mpaka chumba cha uani, nanyi nawapa hesabu. Tuseme chumba chako cha laki mbili kimekaa wazi tangu Februari kwa sababu wote wanaokuja wana ya miezi miwili au mitatu. Tumefika Mei. Umeshakosa laki sita ukisubiri milioni moja na laki mbili. Yule dada wa saluni aliyekuja Februari na laki nne mkononi, ukamrudisha, angekuwa ameshakulipa miezi mitatu na anatafuta wa nne. Piga simu kwa dalali wako, muulize kama namba yake bado anayo.